Wasifu wa profesa wa Kihispania uandikwe wote

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu aliyeuliza, kwa uchungu wa mzazi anayelipa ada, kwa nini mwanawe aliyekwenda chuo kikuu kusoma Kihispania anafundishwa na profesa ambaye utafiti wake wote unahusu tamthilia za karne ya 17. Kwa maoni yake, lugha ni lugha: atafutwe mtu aliyezaliwa nayo, akabidhiwe darasa, na hao watafiti waachwe na vitabu vyao. Uchungu wake naufahamu, na sehemu ya malalamiko yake naiunga mkono waziwazi. Lakini dawa aliyoipendekeza itawaumiza wanafunzi, mwanawe akiwa wa kwanza.

Mimi ni mkalimani. Kihispania ndicho kinachonilisha, hospitalini, mahakamani na kwenye simu za usiku. Sikuzaliwa nacho wala sikukikuta nyumbani. Nilikianza chuoni nikiwa sijui hata kusalimia, kwa hiyo kila ninachokijua kimepita mikononi mwa walimu, na ninakumbuka vizuri nani alinipa nini. Ndiyo maana suala la profesa ametokea wapi kitaaluma, amefundisha nini na amechunguza nini, siwezi kuliona dogo.

Kwanza tuelewane kuhusu jina lenyewe. Mtu akisema “profesa wa Kihispania” wengi hudhani ni kazi ya aina moja. Ingia katika idara yoyote iliyokamilika utawakuta watu ambao taaluma zao hazifanani hata kidogo. Mmoja ni mtaalamu wa maandishi ya zama za kati, anasoma Kilatini na pengine Kiarabu, na miaka yake imekwisha akilinganisha nakala za mkono za shairi moja. Wa pili ni mwanaisimu, mtaalamu wa sayansi ya lugha, anayepima sauti kwa kompyuta. Wa tatu anachunguza nyaraka za ukoloni katika Archivo General de Indias kule Sevilla, hazina iliyoanzishwa mwaka 1785, na huenda anajua Kikechua au Kinahuatl, lugha za wenyeji wa Amerika, kuliko anavyojua riwaya za leo. Wa nne anatafiti namna akili ya mtu mzima inavyojifunza lugha ya pili. Yuko pia anayeshughulika na vijana waliokulia katika nyumba za Kihispania huko Marekani, wanaokisema vizuri lakini hawajawahi kufundishwa kukiandika. Taaluma hiyo ina deni kubwa kwa Guadalupe Valdés wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wote hao mlangoni mwao pameandikwa profesa wa Kihispania. Lugha yenyewe ni ya kwanza kwa watu wanaokaribia milioni 500 na ni rasmi katika nchi 20 pamoja na Puerto Rico. Hakuna kichwa kimoja kinachoweza kuibeba yote.

Sasa nije kwenye swali la msomaji: utafiti unamsaidia nini kijana anayetaka kusema?

Nitamjibu kwa mwalimu wangu wa fonetiki, elimu ya sauti za lugha. Siku za mwanzo alitukatia vipande vya karatasi nyembamba, kila mmoja ashike chake mbele ya midomo. Tukitamka neno linaloanza na p, kama padre, karatasi isitikisike. Wengi wetu tulikuwa tumeshazoea Kiingereza cha shuleni, na karatasi zilikuwa zinapepea. Akaturudisha, tena na tena, mpaka zikatulia. Kisha akatuonyesha kwenye kompyuta picha za sauti za maneno pero (lakini) na perro (mbwa). Katika neno la kwanza ulimi unagonga mara moja tu, unaona alama moja nyembamba. Katika la pili unagonga mara mbili au tatu mfululizo, na kila pigo linaonekana kama jino la kitana. Alituagiza turekodi sauti zetu, tuhesabu mapigo ya ndimi zetu wenyewe, tusimwulize yeye kama tumepatia. Kifaa hicho na njia hiyo vilitoka moja kwa moja kwenye utafiti wake. Mzawa wa lugha asiye na mafunzo angetuambia turudie mpaka tupate, maana yeye mwenyewe hajui ulimi wake unafanya nini. Haulizwi aliyezaliwa na kitu namna ya kukipata.

Mwalimu huyo alikuwa anafuata njia iliyochongwa zamani. Tomás Navarro Tomás alitoka Uhispania kwenda Ufaransa na Ujerumani kujifunza fonetiki ya maabara, akarudi Madrid kuongoza maabara ya sauti katika Centro de Estudios Históricos, na mwaka 1918 akatoa mwongozo wake wa matamshi ya Kihispania uliotumika madarasani kwa miongo mingi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania vilipomfukuza mwaka 1939 alihamia New York, akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Mtafiti na mwalimu walikuwa mtu mmoja, na huwezi kusema kitabu kile ni cha maabara au cha darasani, kwa sababu ni cha kote kuwili.

Faida yake nimeiona kazini. Mgonjwa kutoka visiwa vya Karibi anaeleza dawa alizotumia. Kitabuni imeandikwa dos veces al día, mara mbili kwa siku. Mdomoni mwake s za mwisho wa silabi zimefifia, zimekuwa pumzi tu au zimepotea kabisa, na maneno yamekwenda kwa kasi. Daktari ananitazama anasubiri. Kama nisingefundishwa na mtu aliyekuwa akitafiti lahaja, aliyetuwekea rekodi za Havana, Santo Domingo na Panama mpaka masikio yakazoea kutafuta s isiyosikika, ningekisia. Katika kipimo cha dawa hakukisiwi.

Na huyo profesa wa tamthilia za karne ya 17, msomaji asimbeze. Tamthilia za enzi ile ziliandikwa kwa mashairi, na mizani yake hupatikana kwa kuunganisha vokali za maneno yanayofuatana. Chukua sentensi ya kawaida kabisa: mi hermana está aquí, dada yangu yuko hapa. Ukiihesabu neno moja moja ina silabi nane. Mhispania anayesema kwa kawaida yake anatoa tano, kwa sababu vokali zinazokutana zinayeyuka pamoja. Mwanafunzi asiyejua hilo hulalamika kwamba wenyeji wanasema haraka mno. Profesa wangu wa tamthilia alitusomesha mizani kwa sauti, tukipiga meza kwa vidole, na baada ya muhula mmoja redio ambayo nilikuwa nasikia kelele tupu ilianza kugawanyika kuwa maneno. Hakuna kozi ya mazungumzo iliyonipa kitu hicho. Kijana akimwendea profesa wake saa za kuonana na wanafunzi na kumwomba amfundishe kusoma beti kwa sauti, nina hakika mlango hautafungwa. Wataalamu hao hufurahi mno kuulizwa.

Kuhusu kuzaliwa na lugha, historia ya somo hili haimuungi mkono msomaji. George Ticknor, profesa wa kwanza wa Kifaransa na Kihispania katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa nafasi hiyo akiwa bado masomoni Ulaya. Ikabidi aende Uhispania mwaka 1818 kukijua Kihispania chenyewe na kukusanya vitabu, kisha akaanza kazi mwaka 1819. Miaka 30 baadaye alitoa historia ya fasihi ya Kihispania katika majuzuu matatu, na ikaheshimiwa hata Uhispania kwenyewe. Edgar Allison Peers, Mwingereza, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kufika Chuo Kikuu cha Liverpool, ambako alishika kiti cha Kihispania kuanzia mwaka 1922, akaanzisha jarida la masomo ya Kihispania mwaka uliofuata, na akawatafsiri kwa Kiingereza watawa wakubwa wa karne ya 16, Teresa wa Ávila na Juan de la Cruz. Upande wa wazawa yuko Pedro Salinas, mshairi aliyefundisha Sorbonne, Sevilla na Cambridge kabla ya kwenda Marekani mwaka 1936, Chuo cha Wellesley kisha Johns Hopkins. Mzawa na asiye mzawa wote wamo. Walichofanana ni kwamba kila mmoja alifundisha watu halisi na kila mmoja alikuwa na jambo analolichimba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ramón Menéndez Pidal na mkewe María Goyri. Mwaka 1900, wakiwa fungate, waliamua kufuata njia aliyopita shujaa wa shairi la Cid, utenzi wa Kihispania wa zama za kati, akienda uhamishoni. Walipofika El Burgo de Osma wakazungumza na mwanamke mfua nguo, na Goyri akamtajia shairi moja la kimapokeo. Yule mama akasema analijua, na mengine mengi anayajua, akaanza kuimba. Wakagundua kwamba anaimba kifo cha mwanamfalme Juan, aliyefariki mwaka 1497. Kwa karne nne tungo hiyo ilikuwa hai midomoni mwa watu, na wasomi walikuwa wanaamini kwamba Kastilia, eneo la kati la Uhispania, mapokeo hayo yameshakufa. Kutoka hapo wakaanza kukusanya maelfu ya tungo. Hebu fikiria kuwa mwanafunzi wa darasa la watu wale muhula uliofuata.

Lakini angalia na hili. Jina la Menéndez Pidal liko katika kila kitabu. La Goyri halitajwi sana, ingawa yeye ndiye aliyemsemesha mama yule, ingawa alihitimu Madrid mwaka 1896 akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Uhispania kupata shahada ya falsafa na fasihi, na ingawa alitumia miaka mingi kufundisha fasihi kwa vijana wa shule na kufikiri namna ya kuwafundisha. Aliyetafiti akakumbukwa, aliyefundisha akasahauliwa. Hilo linaendelea hadi leo, na hapa ndipo ninapokubaliana na msomaji.

Vyuo vikuu vinapima utafiti kwa mizani na ufundishaji kwa jicho la kupita. Uhispania tangu mwaka 1989 mhadhiri wa kudumu huomba tathmini ya utafiti kila miaka sita, sexenio, na tathmini ya ufundishaji kila miaka mitano, quinquenio. Ya utafiti hupitiwa na kamati ya taifa inayochambua machapisho yake, na watu hunyimwa. Ya ufundishaji hutolewa na chuo chenyewe, na kwa kawaida karibu kila anayeomba hupata. Sasa niambie, kijana anayeanza kazi ataweka nguvu zake wapi? Marekani nako, anayetafuta ajira ya kudumu katika idara ya Kihispania hupewa takriban miaka sita, na katika vyuo vikubwa swali linaloamua mustakabali wake ni kama ametoa kitabu.

Matokeo yake yako darasa la kwanza. Chama cha lugha na fasihi cha Marekani, MLA, kilitoa ripoti mwaka 2007 kikikosoa mfumo wa tabaka mbili: miaka ya mwanzo wanafundisha wahadhiri wa mkataba na wanafunzi wa uzamivu, miaka ya juu wanafundisha maprofesa wa fasihi, na tabaka hizo mbili hazikai meza moja kupanga masomo. Tusidhani ni jambo la watu wachache. Kihispania ndiyo lugha ya kigeni inayosomwa na wanafunzi wengi zaidi katika vyuo vya Marekani, na hata baada ya idadi kushuka, hesabu ya MLA ya mwaka 2021 iliwakuta zaidi ya nusu milioni. Wengi wao hawavuki miaka miwili ya kwanza. Maana yake ni kwamba profesa mwenyewe hawamwoni kabisa.

Nami nilipita humo. Chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, kilitupa mwaka wa kwanza mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa anaandika tasnifu kuhusu barua za watawa wa kike wa enzi za ukoloni. Alikuwa mpole na mchapakazi. Hakuna aliyemfundisha kufundisha. Alikabidhiwa kitabu cha kiada na ratiba. Tulipofika kwenye subjuntivo, ile hali ya kitenzi inayobeba matakwa, shaka na hisia, tulimwuliza kwa nini “nataka uje” husemwa quiero que vengas na si quiero que vienes. Akajibu kwamba tutazoea. Hakuwa anatudharau. Alikuwa amechoka, ana madarasa mengine, na tasnifu inamsubiri. Wakati huohuo, ghorofa ya juu ya jengo lilelile, alikuwapo profesa ambaye utafiti wake ulihusu hasa namna wanafunzi wazima wanavyoipokea subjuntivo. Alikuwa anafundisha semina ya watu wachache wa shahada ya umahiri. Nilimfikia mwaka wa tatu. Kwa saa moja alitupangia vitenzi vinavyoitangulia, akatupa kanda za mazungumzo tutafute kila mahali ilipojitokeza na kila mahali ambapo ingeweza kujitokeza ikaachwa, na fundo la miaka miwili likafunguka. Nilitoka nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja.

Kwa hiyo ninachokipinga ni kumlaumu mtafiti. Wa kulaumiwa ni mpangilio unaomweka mbali na wanaomhitaji, halafu ukaficha jambo hilo kwa wazazi na wanafunzi.

Tazameni namna idara zinavyowatangaza walimu wao. Utasoma aya ndefu: shahada ya uzamivu kutoka chuo fulani, kitabu fulani, makala, tuzo, ruzuku. Mwishoni kabisa, ikiwa una bahati, kuna sentensi inayosema “hufundisha lugha na fasihi katika ngazi zote.” Sentensi hiyo haina habari. Nataka kujua mara ya mwisho alipofundisha wanaoanza ni lini. Nataka kujua kama aliwahi kufundisha shule ya sekondari, kama amewahi kuwa mtahini wa DELE, mtihani wa kupima umahiri wa Kihispania, na anajua mtu wa ngazi ya B1 hutofautianaje na wa B2, ngazi iliyo juu yake, akifungua mdomo, kama amewahi kusimamia kozi nzima ya mwaka wa kwanza, kama kuna kitabu cha kiada alichoshiriki kuandika. Nataka kujua amekaa wapi akiishi na lugha hiyo, maana aliyekaa Buenos Aires atakuletea vos, yaani wewe, katika kila mazungumzo, na aliyekaa Madrid atadai vosotros, yaani ninyi, ambayo watu wengi wa Amerika ya Kusini hawaitumii kabisa katika mazungumzo yao. Na upande wa utafiti, nisipewe jina la tasnifu tu. Nielezwe kwa lugha ya kawaida anachunguza nini na kinaingiaje darasani.

Kuna pengo jingine linalonikera zaidi, na naomba nafasi nilitaje. Guinea ya Ikweta ni nchi ya Afrika, ilipata uhuru kutoka Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968, Kihispania ni lugha yake rasmi, na tangu mwaka 2016 akademia yake ya lugha imo katika jumuiya ya akademia za Kihispania ambazo sasa ni 23. Ina waandishi wake. Donato Ndongo-Bidyogo alikusanya antolojia ya fasihi ya nchi hiyo mwaka 1984. Ina Kihispania chake, ambacho John Lipski, mwanaisimu wa Marekani, alikiandikia kitabu mwaka 1985. Hata hivyo nilimaliza shahada nzima bila kusikia jina la Malabo, mji wa nchi hiyo, likitajwa na mhadhiri yeyote. Hapakuwa na uadui. Hapakuwa tu na mtu idarani ambaye utafiti wake ulifika huko, na kile ambacho hakuna anayekitafiti hakiingii kwenye mtaala. Ajira moja tu ingelibadilisha hilo kwa vizazi vya wanafunzi. Idara zinazotangaza nafasi ya mtaalamu wa tano wa riwaya za karne ya 20 zilifikirie hilo.

Nina maombi mawili kwa wakuu wa idara wanaosoma gazeti hili. La kwanza: chapisheni, kabla ya usajili, nani hasa atafundisha mwaka wa kwanza, ana mafunzo gani ya ufundishaji, na profesa gani wa kudumu anamsimamia kwa jina. La pili linahusu ajira. Kwa kawaida mwombaji huitwa atoe mhadhara wa utafiti mbele ya maprofesa, na siku hiyohiyo afundishe somo la mfano, mara nyingi darasa la juu lenye wanafunzi waliokwisha kuiva. Mpelekeni kwa wanaoanza. Mpeni saa nzima awafundishe ser na estar, vitenzi viwili vyenye maana ya kuwa, watu waliojifunza Kihispania kwa majuma machache, kisha wanafunzi hao waandike walichoelewa, na karatasi zao ziwekwe mezani pamoja na machapisho yake wakati kamati inapoamua.

Wenu,
Mkalimani wa Kihispania